"Na mimi unanipa ngapi?"

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Salaam nyingi. Nina miaka 67 na nimestaafu. Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa hesabu, na nalitaja hilo mapema kwa sababu nahisi ndilo lililonifikisha hapa.

Nilipostaafu, kijana wetu wa mwisho aliniwekea kwenye simu programu ya kusikilizia muziki. Mwanzoni nilisikiliza nilivyovijua: muziki wa dansi wa ujana wetu, kwaya, nyimbo za mapenzi za enzi zile. Halafu nikakutana na orodha ya albamu 500 ambazo inasemekana ndizo bora kuliko zote. Nilizozijua zilihesabika kwa vidole. Jazi nilikuwa nimeisikia hotelini tu, watu wakila. Roki ya magitaa mazito niliiita kelele. Hip hop ilikuwa mambo ya watoto. Nikajiuliza, mtu anafikaje umri huu akiwa amevipita pembeni vitu vyote hivi?

Basi nikaanza. Kila asubuhi naweka hedifoni na kusikiliza albamu moja, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka wimbo. Nina daftari nililolichora safu tano: jina, mwaka, mtindo, maoni, na alama kati ya kumi. Nimefika kama robo ya orodha. Mshauri, tangu niache kazi sijawahi kuzifurahia asubuhi zangu hivi.

Lakini kuna yanayonitatiza. Kwanza, vile vinavyosifiwa sana mara nyingi havinigusi. Kind of Blue ya Miles Davis, kila mtu anasema hiyo ndiyo jazi yenyewe. Nimeisikiliza, nikairudia. Ni kama sebule ya wageni: imepangika vizuri, ila sioni pa kukaa. Public Enemy, lile kundi la hip hop, albamu yao ya 1988, ilikuwa ving'ora na mtu anayepayuka, sikushika hata sentensi moja. Illmatic ya Nas, hip hop nayo, niliielewa kidogo, kwa kubahatisha. Halafu siku moja nikafungua bendi ya roki, Black Sabbath, albamu yao ya kwanza kabisa. Inaanza na mvua, ngurumo na kengele, kisha linaingia gitaa zito la polepole. Niliganda. Nikaipa tisa. Mimi, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani! Hilo sijamwambia mtu, wewe ndiye wa kwanza.

Jambo la pili ni nyumbani. Mimi na mume wangu tuna santuri moja ya tangu wakati wa uchumba. Zamani jioni tuliizoea kuisikiliza sebuleni, sasa hata spika ile ina vumbi. Siku moja nikaikuta kwenye simu na nikaona ni haki niipitishe katika utaratibu uleule kama nyingine zote. Nikaisikiliza kwa masikio mapya. Nikaandika: "Besi haisikiki. Mwimbaji anapotea kwenye noti za juu. Ubeti wa pili na wa tatu havina tofauti." Nikaipa tano.

Mume wangu alikuwa akitafuta miwani yake, akafungua daftari. Hakusema kitu mchana kutwa. Jioni akaniuliza, "Na mimi, mama, unanipa ngapi?" Nilicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku ile nikiingia sebuleni anazima redio. Analala mapema. Nikimuuliza, anajibu hakuna kitu.

Sioni kosa langu liko wapi. Sikuandika uongo, na sikuandika ili asome. Ukaguzi ni ukaguzi, haubadiliki kwa sababu ya mapenzi. Lakini nyumba imepoa.

Na huyo kijana wetu, nilipomwambia kwa furaha kwamba nimesikiliza Illmatic, alitabasamu akasema, "Mama, hizo achana nazo. Hizo si zako." Nilijiona mjinga.

Niendelee na orodha au niiache? Ile kurasa niichane? Au niliyoyaanza haya nimeyachelewa, masikio na akili vimeshafunga?

Mkaguzi Mstaafu

JIBU

Shikamoo mama,

Nimeisoma barua yako polepole, na kilichonishika mwanzo ni namna ulivyoandika. Ukieleza muziki, hata ule usioupenda, sentensi zako zinachangamka. Ukifika nyumbani zinakatika: anazima redio, analala mapema, nyumba imepoa. Umeniuliza kuhusu orodha, lakini uzito naona umeuweka kwingine. Umeyafunga pamoja mambo mawili, albamu na amani ya nyumba, kana kwamba ukishika moja lingine lazima lianguke. Tusiamini hilo haraka.

Kwa kuwa wewe ni mkaguzi, tuanze na hati yenyewe. Orodha ya albamu 500 inayojulikana kuliko zote ni ya jarida la Rolling Stone la Marekani. Ilipotoka 2003, namba moja ilikuwa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya Beatles, ya mwaka 1967. What's Going On ya Marvin Gaye, ya 1971, ilikuwa ya sita. Orodha ilipopangwa upya 2020, kwa kura za watu wengine, Marvin Gaye akawa wa kwanza na ile ya Beatles ikateremka hadi nafasi ya 24. Katika albamu hizo mbili hakuna noti hata moja iliyoguswa. Waliobadilika ni wapiga kura. Wakaguzi wawili wakipewa vitabu vilevile vya hesabu, tunatarajia wakutane kwenye jumla moja. Katika muziki hawakutani, na si kwa sababu mmoja wao kazembea.

Hata mtu mmoja hakutani na nafsi yake. Kama hujaufikia bado muziki wa kinanda wa mtunzi Bach unaoitwa Goldberg Variations, mtafute mpiga piano Glenn Gould wa Kanada. Alizirekodi Variations hizo mara mbili. Mwaka 1955 alikuwa na miaka 22, na alizipiga kwa kasi ya kijana mwenye haraka: zote zikaisha kwa dakika 38 hivi. Alizirudia 1981, mwaka mmoja kabla ya kufa, na safari hii zikachukua kama dakika 51. Kile kipande cha ufunguzi, ambacho kijana alikipiga kwa chini ya dakika mbili, mtu mzima alikipa zaidi ya dakika tatu. Noti ni zilezile. Ukisikiliza vipande hivyo viwili vya ufunguzi kimoja baada ya kingine, naomba ujaribu kuvipa alama, halafu uone kalamu itafanya nini.

Sisemi ulitupe daftari. Safu yako ya maoni naipenda sana. "Sioni pa kukaa" inamwambia msomaji mengi kuliko saba au nane. Ni safu ya tano ndiyo inayonipa shaka. Unaweza kuiacha tupu kwa muda na kuona kama asubuhi zako zinabaki na utamu wake. Huenda zisibaki. Kuna watu ambao utaratibu ndio unaowaamsha, na ukiuondoa, baada ya wiki mbili hata hedifoni hawajui ziko wapi. Hilo unalijua wewe kuliko mimi.

Sasa tuje kwa mzee.

Umeandika "ukaguzi ni ukaguzi," na naiheshimu kanuni hiyo. Lakini taaluma yako ina kanuni nyingine ambayo ni ya msingi vilevile: mkaguzi hakagui mahali alipo na maslahi. Ungepewa hesabu za kampuni ya mumeo, ungezirudisha siku hiyohiyo, ukasema mpeni mwingine, mimi na huyu ni kitu kimoja. Santuri ile, mama, nani aliyekuambia uko nje yake? Unayoyasema kuhusu besi yanaweza kuwa kweli tupu. Rekodi nyingi za zamani besi zake zilipotea njiani, na waimbaji wengi tunaowapenda hupotea kwenye noti za juu. Ninachouliza ni kama kulikuwa na njia yoyote ya wewe kuisikia kama mgeni anavyoisikia. Yale "masikio mapya" uliyoyatumia, sina hakika kama mtu anaweza kuyapata kwa kitu kama hicho. Na kama anaweza, je, ni faida?

Halafu kuna dhana moja naomba uigeuze upande wa pili. Unadhani mzee ameumizwa na ile tano. Inawezekana. Lakini mtu aliyeumizwa na tano angeuliza, "Kwa nini tano?" Angetetea besi. Yeye aliuliza kuhusu yeye mwenyewe. Na wewe mwenyewe, kwa kupita tu, umeniambia kwamba jioni mlizoea kusikiliza pamoja sebuleni na sasa spika ina vumbi. Siku nyingi kabla hajafungua daftari, mke wake alikuwa akikaa mita chache kutoka kwake, masikio yamefunikwa, uso unang'aa kwa kitu ambacho yeye hakisikii. Huenda daftari lilimpa tu maneno ya kitu alichokuwa nacho tayari. Naweza kuwa nimekosea. Sijakaa naye, umekaa naye wewe.

Kuhusu kuichana ile kurasa, nakuelewa unachotafuta. Ila ameshaisoma. Akiikuta haipo, anaweza kufurahi kwamba umejali. Anaweza pia kuona umeficha ushahidi na msimamo wako ni uleule. Nawe utabaki unajua kwamba umefuta kitu ambacho bado unakiamini, na watu wa kazi yako hilo huwakera kwa miaka.

Unaweza kumkalisha chini umweleze ulichomaanisha. Faida yake ni uwazi. Hatari yake ni kwamba wewe una hoja nyingi na ushahidi wa maandishi, yeye ana moyo uliovimba tu. Mazungumzo ya namna hiyo huisha mmoja ameshinda, na anayeshindwa analala mapema zaidi.

Au unaweza kuifuta vumbi spika, bila hotuba, jioni moja ukaiweka santuri ile. Huenda akainuka akaondoka. Jiandae kwa hilo, wala usimfuate na maswali. Huenda akakaa. Akikaa, kuna swali moja ambalo nadhani hujawahi kumuuliza: yeye akiisikia, anasikia nini? Wewe unasikia ubeti wa pili na wa tatu havina tofauti. Yeye pengine hapo kwenye ubeti wa tatu kuna kitu anakisubiri kila mara, na hajawahi kukuambia kwa sababu alidhani nawe unakisubiri.

Kama hiyo ni nzito mno kwa kuanzia, waachieni wengine wafungue njia. Kuna albamu ya Buena Vista Social Club, iliyorekodiwa Havana 1996 na kutoka mwaka uliofuata. Mpiga piano wake, Rubén González, alikuwa amevuka miaka 70, na Compay Segundo, anayeimba na kupiga gitaa, alikuwa na 88. Kwa watu waliokua na muziki wa dansi haitakuwa ngeni kabisa, maana santuri za Kuba ziliingia Afrika tangu miaka ya 1930 na bendi zetu zikajifunza humo mengi. Hapo mtakuwa wanafunzi wote wawili. Sharti langu ni moja: daftari libaki chumbani.

Tugeukie yale masikio uliyosema yamefunga.

Kind of Blue. Inawezekana kabisa hutaipenda kamwe, na dunia itaendelea. Lakini tazama jinsi ulivyoiendea: albamu nzima, mfululizo, ukisubiri ikuambie jambo. Ilirekodiwa kwa siku mbili tu, Machi na Aprili 1959, na wanamuziki walipewa michoro mifupi badala ya muziki ulioandikwa wote. Davis alitaka wajenge juu ya skeli chache, yaani ngazi za noti, si juu ya msururu wa kodi, zile noti zinazopigwa kwa pamoja, zinazobadilika kila sekunde. Kwa hiyo kama ulikuwa unasubiri wimbo uende mahali, upande, ufike, ndiyo maana ulichoka. Humo watu wanakaa mahali pamoja na kupaangalia kwa pande nyingi. Jaribu wimbo wa kwanza tu. Baada ya utangulizi wa polepole, msikilize Paul Chambers kwenye besi. Besi inasema kitu, wenzake wanaitikia kwa noti mbili. Inasema tena, wanaitikia. Wewe ni mwimbaji wa kwaya, kuitikia ni kazi yako. Ingia kwa wale wanaoitikia, halafu uachane na kila kingine. Dakika tisa, basi, zima simu.

Nasema uzime kwa sababu nyingine pia. Santuri ya LP, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Columbia 1948, ilibeba kama dakika ishirini na kitu kwa kila upande. Msikilizaji alilazimika kuinuka, kuigeuza, kupumua. Wengi waliishia upande mmoja na kurudia upande huohuo wiki nzima. Simu haina upande wa kugeuza. Mbaya zaidi, matoleo ya simu mara nyingi yamebandikwa nyimbo za ziada ambazo hazikuwemo. Kind of Blue ina nyimbo tano. Kama yako ilikuwa na sita au zaidi, mama mkaguzi, ulikuwa unakagua viambatisho.

Na kuna suala la kurudia. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu huelekea kukipenda zaidi kitu kadiri wanavyokutana nacho, hata bila kuelezwa chochote kukihusu. Nyimbo za ujana wako hukuzipenda kwa kuzisikia mara moja asubuhi. Zilikuwa redioni, barabarani, harusini, hadi zikaingia. Tena ziliingia katika umri ambao watafiti wa kumbukumbu wanasema hushika kuliko mwingine wowote, ule wa kati ya balehe na miaka ya ishirini na kitu. Albamu hizi mpya unazipa siku moja kila moja na kuzilinganisha na zile zilizopewa nusu karne. Huo si ushahidi kwamba umechelewa. Ila ukizipa muda zaidi, orodha haitaisha. Je, lazima iishe? Kwenye barua hukusema kwa nini.

Kuhusu Black Sabbath nilicheka peke yangu, kwa furaha. Kwanza, huo wimbo wa kengele: anayeimba ni mtu aliyejawa na hofu, na anamwomba Mungu amsaidie. Kama kuna mtu kwaya yenu atakuuliza, mwambie hivyo. Pili, ule uzito ulioukamata una historia. Mpiga gitaa, Tony Iommi, alikuwa kijana wa miaka 17 mjini Birmingham, Uingereza, mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye ni wa mashoto, kwa hiyo huo ndio mkono anaobania nyuzi. Alitaka kuacha muziki. Msimamizi wake kazini akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ambaye aliungua kwenye moto 1928 na akapiga solo zake kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea kofia za vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, na katika albamu za baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Ukilegeza nyuzi, sauti inashuka. Kwa hiyo roki nzito uliyoipa tisa ilipitia mlango wa jazi ile ambayo haikugusi. Ningekuwa wewe ningemtafuta Reinhardt kabla ya kumrudia Davis, hata kama yuko nje ya orodha.

Kijana wako alikosea adabu kidogo, ingawa nadhani bila kukusudia. "Si zako" inaweza kuwa na maana kwamba wewe ni mzee. Inaweza pia kuwa na maana kwamba ni zake, na anaogopa kuzikuta mezani kwa mama zimepewa sita na nusu. Vijana wanahitaji kona ambayo wazazi hawaijui. Ukimfuata kwa Illmatic kila akija, unaweza kumpata rafiki, au unaweza kumkimbiza hadi kwenye muziki mwingine usiouvumilia. Kama bado unataka kulizungumza, sikiliza kwanza wimbo wa tatu hadi mwisho kabisa. Nas alikuwa na miaka 20 albamu ilipotoka 1994. Baada ya maneno kuisha inaingia koneti, aina ya tarumbeta, taratibu. Anayepiga ni Olu Dara, mwanamuziki wa jazi, baba yake mzazi. Hakuja kumfundisha mwanawe kurap. Alisubiri amalize, akapiga chake. Mwanao anaweza kuwa hajui hilo, na anaweza kuwa analijua siku nyingi na akafurahi kwamba nawe umelisikia.

Na maneno yenyewe usiyaogope kwa sababu yanakwenda mbio. Wewe umesoma mashairi shuleni. Sikiliza vina: Nas haviweki mwisho wa mstari tu, anavipanga katikati pia, kimoja kinaita kingine hadi mizani inajaa. Soma maneno kwanza kwenye skrini, polepole, bila muziki, halafu uyasikilize. Si udanganyifu.

Nimeacha moja la mwisho, maana nisipolisema nitakuwa nimekudhulumu. Ile albamu ya Public Enemy, uliyosema hukushika sentensi hata moja, ni ya fujo kwa makusudi: ving'ora vile vimewekwa viudhi. Ila kadiri umri unavyosogea, sauti za juu ndizo zinazotangulia kupotea, na herufi kama s, f na sh zinakaa huko juu. Mtu husikia kwamba mwenzake anaongea, lakini maneno hayashikiki, hasa penye kelele. Wengi hudhani akili ndiyo imechoka, kumbe ni sikio. Tena wakipandisha hedifoni ili wayapate maneno, wanaumiza kilichobaki, maana chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri usivuke kiwango cha sauti cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na simu nyingi siku hizi zinaweza kukuonyesha kiwango unachosikilizia. Mwombe kijana akutafutie mahali ilipo kwenye mipangilio, huenda hilo akalifanya kwa raha zaidi kuliko kujadili Nas. Kisha nenda ukapimwe masikio kabla ya kuendelea na upande wowote wa orodha. Mchukue na mzee. Umri wake nao si mdogo, na mtu anayejibu "hakuna kitu" kila akiulizwa, mara nyingine hakulisikia swali.